Mlango wa Z

Arnaud aliruka meza ya muuza vitenge, akaanguka pamoja na marobota mawili, akainuka, akaendelea kukimbia.

Daphrose alimfuata.

Bastola yake ya Browning ilikuwa mkononi, lakini hakuthubutu kuipiga. Mtaa wa Asiatique ulikuwa umefurika watu. Makombora ya alfajiri yalikuwa yamenyamaza, na kila mwenye nyumba alikuwa ametoka mbio kununua sukari, chumvi na mishumaa kabla hayajaanza tena. Wenye maduka waliuzia kwenye upenyo wa milango ya chuma iliyoshushwa nusu.

"Pisheni! Pisheni!"

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwaka ule wa 2003, mtu wa Bujumbura akimwona mwanamke anakimbia na bastola, alilala chini kwanza. Maswali baadaye.

Arnaud alikata kona kwenye duka la vipuri vya magari.

Kosa. Nyuma ya duka lile palikuwa na ukuta.

Alipogeuka, Daphrose alikuwa ameshamfikia. Goti tumboni, kiwiko shingoni. Arnaud akaenda chini. Miwani yake ikaenda kivyake.

"Mikono nyuma!"

"Sawa, sawa! Usinipige!"

Alikuwa naibu mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa ziwa, mtu wa tai na suti iliyonyooka. Daphrose alikuwa ofisa wa kitengo cha siri ambacho hakikuwa na kibao mlangoni. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimwinda Arnaud kwa sababu ya rafiki mmoja wa huyo Arnaud, mzungu aliyejiita Lenz. Lenz aliuza silaha kwa yeyote aliyepigana. Hakujali upande. Alichojali ni vita visiishe.

"Lenz yuko wapi?"

Arnaud alitema damu. Kisha akafanya jambo ambalo Daphrose hakulitegemea.

Alicheka.

"Umechelewa, Madame. Yuko ku maji tangu asubuhi. Iko na roketi, ile ya kubeba ku bega. Ile avion ya wajumbe inashuka saa tano, si ndiyo? Itashukia mu ziwa."

Mji mzima ulijua habari za ndege ile. Ilikuwa inawaleta wajumbe wa pande zote mbili kutoka kwenye mazungumzo, wamekaa viti vya jirani, tayari kutia sahihi kusimamisha mapigano. Ikianguka, kila upande ungeusingizia mwingine. Mitaa ambayo bado ilikuwa na mapaa isingekuwa nayo tena.

"Mashua gani? Iko wapi?"

"Sijue. Kweli, mi sijue! Na we pia hautajua. Ile mashine yenye ingemuona, nimeiziba macho." Akavuta pumzi. "Na ule Mukongomani wako nimemuacha mu cave, chini ya kituo. Anavuja damu."

Hapo Daphrose alimpiga.

Mara moja tu. Ilitosha.

Aliwakabidhi askari wa doria mzigo wao, akarukia Hilux yake, akashika usukani kwa mkono mmoja na Nokia kwa mwingine.

"Colonel."

"Sema." Sauti ya Népomuscène, mkubwa wake, ilikuwa kavu kama kawaida.

Alimweleza kwa maneno machache. "Mugeuze ndege, chef. Irudi."

"Kwa redio gani? Mnara wa uwanja umepigwa alfajiri, antena iko chini. Nimetuma gari yenye redio, imekwama ku barrage ya barabara. Kunapigwa vibaya kule."

"Vedette ya majini, ile mashua ya doria?"

"Lieutenant Libère yuko ku ziwa na moja tu. Umupe mahali, ataenda. Bila mahali, Daphrose, ziwa ni kubwa."

Simu ikakatika.

Aliutazama upande wa ziwa. Hakuliona. Moshi wa kiangazi, wa nyasi zilizochomwa milimani na wa nyumba zilizochomwa alfajiri, ulikuwa umelifunika kama blanketi chafu. Mle ndani kulikuwa na mashua za wavuvi waliokuwa wakirudi. Moja kati yao haikubeba samaki.

Saa nne ilikuwa imepita.

*

Kituo cha utafiti kilikuwa jengo fupi kando ya maji, mbele ya bandari. Miaka ya nyuma watafiti walizamisha vinasa sauti vitatu ziwani ili kusikiliza mitetemeko ya ardhi. Vita vilipokaza, watafiti wengi wakaondoka. Vinasa vikabaki chini kule, vikisikia kila kitu: mawe yakiporomoka, mvua, injini.

Aliyegundua kwamba injini ya mashua ina sauti yake, kama mtu alivyo na sauti yake, alikuwa Akilimali, mtaalamu wa kompyuta aliyekimbia Uvira, ng'ambo ya Kongo, na mke wake. Daphrose ndiye aliyemwomba amsaidie kimyakimya. Mara mbili Lenz alipoleta mizigo yake, Akilimali aliinasa sauti ya mashua yake.

"Hakuna mutu atajua," Daphrose alikuwa amemwambia.

Alimkuta chini, kwenye chumba cha seva, ameegemea kabati la seva kubwa ya Sun, ya rangi ya kijivu. Shati lake lilikuwa limelowa kuanzia mbavuni. Mkono mmoja ulikandamiza jeraha. Mwingine ulikuwa juu ya kibodi aliyoivuta mpaka magotini.

"Dada," alisema. "Umekawia."

"Tunaenda hospitali. Shika shingo yangu."

"Apana."

"Akilimali!"

"Sikiliza kwanza. Sauti za ziwa zinaingia humu, ku serveur. Hata sasa zinaingia. Lakini programu yenye inasema mashua iko wapi, iko ku ma-PC ya juu, ya Windows. Arnaud amekata njia ya katikati." Alisubiri maumivu yapite. "Ukinitoa hapa, nani atairudisha?"

Daphrose aliitazama damu. Alikuwa ameona damu nyingi katika kazi yake, na hii hakuipenda. Hospitali haikuwa mbali. Angeweza kumbeba sasa hivi, naye angepona. Na ndege ingeanguka.

Au angemwacha pale.

Alivua mkanda wake, akakunja kitambaa chake cha kichwa, akakifunga juu ya jeraha kwa nguvu mpaka Akilimali akapiga kelele. Akaweka redio moja ya Motorola karibu na paja lake, nyingine akabaki nayo.

"Ukinyamaza nashuka kukuchukua," alisema. "Ndege au hakuna ndege."

Wote wawili walijua kwamba hakuwa na hakika.

*

Maabara ya juu ilikuwa na safu mbili za kompyuta za Compaq. Alikaa kwenye ya kwanza. Windows 2000. Kioo kilimulika kwa utulivu wa kuudhi.

"Juu, unanisikia?" Motorola iliuliza.

"Nakusikia."

"Fungua réseau, mutandao. Unaona jina Rusizi?"

Rusizi ndilo jina walilokuwa wameipa seva. Daphrose aliangalia. Kompyuta za maabara zilionana zenyewe kwa zenyewe. Rusizi haikuwemo.

"Haiko."

"Nilijua. Serveur ni UNIX, PC ni Windows. Haya mawili hayasikilizane. Katikati iko mukalimani, jina yake Samba. Ndiye anafanya Windows ione mafaili ya UNIX kama yake yenyewe. Arnaud amemuzima, tena amefuta maagizo yake yote. Naandika mapya."

"Utaweza?"

"Niko na mukono moja."

Redioni alisikia vitufe. Kimoja. Kimya. Kimoja tena. Kila kimya kilimkata Daphrose moyo.

Kisha taa zikazimika.

Vioo vyote vya Compaq vikawa vyeusi kwa mara moja. Kutoka chini, kengele ya betri ya seva ikaanza kulia.

"Dada! Groupe imezimika! Serveur iko ku batterie, haitakaa!"

Jenereta. Daphrose alikuwa ameshafika dirishani. Uani, mtu mwenye koti la mvua, wakati wa kiangazi, alikuwa ameinama juu ya jenereta. Kalashnikov ilining'inia mgongoni. Lenz alikuwa ameacha mtu nyuma.

Daphrose alitokea mlango wa jikoni. Hatua zake hazikusikika kwenye mchanga. Tawi moja likamsaliti.

Mtu yule aligeuka, Kalashnikov ikapanda.

Browning ikalia mara mbili.

Koti la mvua likaanguka juu ya dumu la mazuti. Daphrose hakumtazama usoni. Alifungua tena bomba la mafuta, akaizungusha mashine, ikakohoa, ikafa. Akaizungusha tena.

"Waka," aliiambia. "Waka, mama yangu, waka!"

Ikakohoa. Ikanguruma.

Aliporudi juu, Windows ilikuwa inaanza upya, polepole, kama haina habari kwamba nje kuna vita. Daphrose alisimama mbele yake amekunja ngumi. Hapakuwa na mtu wa kumpiga.

"Akilimali?"

Kimya.

"Akilimali!"

"Niko." Sauti ilikuwa imepungua. "Samba amesimama. Angalia tena."

Aliangalia. Lilikuwepo. *Rusizi.* Jina dogo katikati ya majina mengine.

"Naiona!"

"Iunganishe kama lecteur, kama diski. Iipe herufi Z. Jina weka yako, daphrose. Mot de passe weka kavimvira. Herufi ndogo yote."

Kavimvira ni mtaa wa Uvira. Ndiko alikozaliwa. Daphrose aliandika, akabonyeza.

Kioo kikamjibu kwamba jina au neno la siri si sahihi.

Akaandika tena, herufi moja moja. Jibu lilelile.

"Inakataa! Nimeandika vizuri, inakataa!"

"Ngoja... ngoja kidogo." Alikuwa akihema. "Ah. Mi mujinga. Hii Windows inaficha mot de passe mbele ya kuituma. Nimemwambia Samba asubiri ya wazi. Anaona kitu hajui, anafunga mulango. Nabadilisha."

Kitufe. Kimya. Kitufe.

Nokia ililia. Népomuscène.

"Daphrose, wanajeshi wa Gatumba wanasikia ndege."

"Inakuja kutoka wapi?"

"Juu ya ziwa. Umepata mahali?"

"Bado."

"Basi..." Mkubwa wake, mtu ambaye hakuwahi kumaliza mazungumzo bila amri, safari hii hakutoa amri yoyote. Akakata.

"Jaribu," ilisema Motorola, kwa sauti ya mtu anayesinzia.

Daphrose aliandika neno la siri kwa vidole vilivyokuwa na mafuta ya jenereta. Akabonyeza.

Dirisha jipya likafunguka. Juu yake, herufi moja: Z.

Ndani yake, mafaili. Mamia ya mafaili ya sauti, kila moja na tarehe yake, na mapya yalikuwa yanazidi kuongezeka huku akiangalia.

"Iko wazi! Akilimali, Z iko wazi!"

Alizindua programu, akaielekeza Z, akachagua ile sauti ya injini mbili za Yamaha za mashua ya Lenz, ambayo Akilimali aliihifadhi tangu mwezi wa nne. *Tafuta inayofanana.*

Programu ikafikiri. Kisha ikaandika kwa herufi nyekundu: imezuiwa kusoma.

Daphrose aliikamata Motorola.

"Inaona majina, lakini haisomi. Akilimali? Inasema imezuiwa."

Redio ilikwaruza.

"Akilimali."

Hakuna kitu.

Alizishuka ngazi tatu tatu.

Alikuwa ameteleza, kichwa kimelalia kabati la seva, macho nusu wazi. Kibodi ilikuwa sakafuni kwenye damu. Daphrose alimshika mashavu.

"Niangalie. Inakataa kusoma. Nifanye nini?"

Midomo ilicheza. Alisogeza sikio.

"Arnaud... amefunga mafaili. Mwenyewe tu asome. Andika."

Daphrose aliinua kibodi, akaipangusa kwa sketi yake.

"Sema."

"C. H. M. O. D. Acha nafasi. Kistari. R kubwa."

"Kubwa?"

"Kubwa. UNIX... kwake kubwa ni ingine, ndogo ni ingine. Acha nafasi. A ndogo. Plus. R ndogo. Nafasi. Sauti."

Aliandika. Akabonyeza. Mstari ukashuka, kiashirio kikasimama kikipepesa. Basi.

"Haijajibu! Haijasema kitu!"

Akilimali alijaribu kutabasamu.

"Ikinyamaza," alisema, "imekubali. Panda."

Daphrose hakusogea. Kichwa cha mtu yule kilikuwa mkononi mwake, chepesi, na kupitia dirisha dogo la juu alianza kusikia sauti ya mbali, nyembamba, ya injini za ndege.

"Panda, dada!"

Alimlaza. Akapanda.

*

*Tafuta inayofanana.*

Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo. Kinasa cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Kisha ramani ya ziwa ikajitokeza, na juu ya maji, mbele ya mdomo wa mto, nukta moja nyekundu ikawaka.

Haikuwa inakwenda popote. Ilikuwa imetulia. Inasubiri.

Daphrose alishika redio yake nyingine, ya jeshi.

"Libère! Libère, jibu!"

"Vedette hapa."

"Iko kusini ya mdomo wa Rusizi, kilomita mbili toka ufukweni. Imesimama, injini zinawaka polepole."

"Niko karibu. Nageuza." Mngurumo ulijaa redioni. Ndege nayo ilikuwa inasikika bila kutega sikio. "Madame... naona mashua ya wavuvi tu. Imefunikwa na nyavu."

"Iko peke yake?"

"Peke yake."

"Angalia nyuma. Iko na Yamaha ngapi?"

Kimya.

Mvuvi wa Bujumbura, siku zile, alipata injini moja akashukuru Mungu.

"Mbili," alisema Libère. "Mbili kubwa. Kuna mutu anasimama... Ana bomba ku bega!"

"Ni yeye! Mugonge!"

Milio ya bunduki ilipasua redio. Mtu alipiga kelele. Kisha ukasikika mfyatuko mmoja mrefu, kama kitambaa kikubwa kinachochanwa.

"Imetoka!" Libère alikuwa akilia. "Roketi imetoka!"

Daphrose alikwenda dirishani. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya na miguu yake. Alishika nondo za dirisha, akautazama moshi.

Ndege ikatokea.

Nyeupe, magurudumu chini, inayumba kidogo. Alisubiri moto. Alisubiri huku meno yake yamegusana kwa nguvu mpaka taya likauma.

Ndege ikapita juu ya bandari. Ikashuka kuelekea uwanjani. Ikatoweka nyuma ya miti.

"Madame?" Libère alikuwa akihema. "Tumemugonga ubavuni wakati anafyatua. Roketi imeenda mu maji. Imekufa mule mule mu maji."

"Lenz?"

"Anaogelea. Anasema anataka kuongea na ambassade yake, na balozi."

"Mutoe polepole," alisema Daphrose. "Maji ni mazuri."

Akaitupa redio mezani, akashuka ngazi akikimbia.

*

Risasi ilitoka mchana. Daktari, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya kutolala, alisema mapafu yamepona chupuchupu, na kwamba damu iliyopotea ilikuwa nyingi mno. Lingechelewa kidogo tu gari lile, asingekuwa na mtu wa kupasua. Akipita siku mbili hizi, ataishi.

Daphrose alikuwa kwenye benchi la ukumbini, bado na damu kavu mpaka viwikoni, mke wa Akilimali alipofika. Mwavita alikuwa ametoka mtaa wa Cibitoke kwa miguu, barabara zote zikiwa zimefungwa. Kandambili moja ilikuwa imekatika njiani. Alikuwa ameishika mkononi.

Aliongea na daktari kwanza. Akaketi sakafuni, akalia. Kisha akainuka, akaja kwa Daphrose.

"We ndiye umemuleta?"

"Ndiyo."

"We nani?"

"Tunafanya naye kazi."

"Kazi gani?" Mwavita alimtazama mikono, kisha kiuno, pale bastola ilipovimbisha blauzi. "Bwana yangu anatengeneza ma-ordinateur, makompyuta. Ordinateur haipigi mutu risasi."

Daphrose angeweza kumwambia. Kwamba ile ndege ambayo redio zote za mji zilikuwa zikiisema mchana ule, mume wake ndiye aliyeishusha salama, kwa mkono mmoja, kwa herufi moja moja. Lakini watu wa Lenz walikuwa bado mjini, na jina likishatamkwa kwenye ukumbi wa hospitali, jioni linakuwa sokoni.

"Ni vita, dada," alisema tu.

"Vita tuliiacha Uvira. Tulikuja huku na begi moja, tukasema hapa hatutajuana na watu wa bunduki." Sauti yake haikupanda. "Usifike kwetu. Hata akiamuka akikuita, usifike. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mwavita aliingia wodini, kandambili iliyokatika bado iko mkononi.

Nokia ililia.

"Wamefika hoteli," alisema Népomuscène. Kulikuwa na kelele za watu nyuma yake, na vicheko. "Wanatia sahihi jioni. Wanauliza wamushukuru nani."

"Hakuna mutu, chef."

"Mukongomani wako?"

"Umuwekee askari wawili ku mulango, wavae kama wauguzi. Na mke wake asijue."

"We unaenda wapi?"

Daphrose alikuwa ameshafika kwenye bomba la uani, simu ameibana begani, akisugua mikono yake kwa kipande cha sabuni ya mtu mwingine. Maji yalitoka mekundu, kisha ya waridi, kisha maji.

"Kutafuta wengine wenye walikula na Lenz," alisema.

Akakata simu, akashusha blauzi juu ya bastola, akapita getini. Ng'ambo ya barabara wauza ndizi walikuwa wameanza kurudi na kupanga mafungu yao. Alipita katikati yao kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Hakuna aliyemtazama mara mbili.